Namba za Kombania: Jinsi Majeshi Yalivyopangwa Katika Vita vya 1914–1918

Wasikilizaji wetu, katika nyumba nyingi za nchi ya Mara hutajwa babu fulani aliyekuwa askari zamani. Jina lake lakumbukwa, na pengine hata nchi alizofika zakumbukwa; lakini ukiuliza, "Alikuwa kombania gani?" watu hunyamaza. Leo twataka kueleza maana ya kombania na namba zake, kwa kuwa asiyejua kombania hawezi kumfuata mtu katika vitabu vya vita.

Kombania ni kundi la askari lenye mkubwa wake na daftari ya majina yake. Ni kubwa ya kutosha kupigana peke yake, na ndogo ya kutosha mkubwa kuwajua watu wake wote kwa sura. Mataifa yote yaliyopigana katika nchi zetu yalikuwa na kombania, ila kila taifa liliziita kwa namna yake.

Tuanze na Wadachi, ambao mwaka 1914 ndio waliotawala upande huu wa mpaka. Jeshi lao lilikuwa na kombania 14 za vita, nazo zilihesabiwa kwa namba kuanzia 1 mpaka 14 katika nchi nzima. Kombania ya 1 ilikaa Arusha, ya 7 Bukoba, ya 10 Dar es Salaam, na ya 14 Mwanza, ndiyo iliyokuwa jirani yetu. Kila moja ilikuwa na askari 150 hadi 200, waliogawanywa katika vikundi vitatu vya watu 50 au 60, pamoja na bombom mbili. Nyuma yao walifuata wapagazi, ambao mara nyingi walizidi askari wenyewe kwa hesabu. Hivyo kombania moja ilikuwa kama kijiji kinachotembea: ilikuwa na chakula chake, risasi zake, mganga wake na wapishi wake. Kwa sababu hiyo iliweza kuondoka peke yake na kukaa porini siku nyingi bila kungojea msaada.

Vyeo vya askari wao vilikuwa ombasha, shaushi, betshaushi, sol na efendi. Maneno hayo si ya Kidachi. Yaliletwa na askari wa Kisudani, ambao Wissmann aliwaandika huko Misri mwaka 1889 ili wapigane na watu wa pwani. Wasudani wale walifundishwa katika jeshi la Misri, lililofuata desturi ya Waturuki. Na hivyo maneno ya Kituruki yakafika hata katika boma za bara.

Silaha zao hazikuwa sawa. Kombania nyingi vita vilipoanza zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, zilizotoa moshi mwingi. Askari akipiga risasi moja, adui huuona moshi na kujua amelala wapi.

Waingereza walifanya vingine. Jeshi lao la King's African Rifles, yaani KAR, lililoundwa mwaka 1902, lilipangwa kwa batalioni, na kombania ndani ya batalioni ziliitwa kwa herufi: A, B, C, D na kuendelea. Basi kusema "Kombania ya A" tu hakutoshi, maana kila batalioni ilikuwa na A yake. Mwaka 1914 KAR ilikuwa na batalioni tatu tu, ya 1, ya 3 na ya 4, na kombania 21 kwa jumla, zilizotawanyika mbali mbali. Vita vilipozidi, batalioni zilizaa nyingine. Ndipo ikaanza kuandikwa 2/4 KAR, na maana yake ni batalioni ya pili katika ukoo wa nne, ukoo wa Uganda. Mwaka 1917 uliundwa ukoo wa sita, na wengi wa askari wake walikuwa wale wale waliowatumikia Wadachi kwanza, wakatekwa, kisha wakaandikwa upande wa pili. Mtu mmoja aliweza kuwa na namba mbili katika vita vimoja! Vita vilipokwisha mwaka 1918, KAR ilikuwa na batalioni 22 na askari Waafrika zaidi ya 30,000.

Je, na watu wa baharini? Manowari ya Wadachi iliyoitwa Königsberg iliharibiwa katika mlango wa mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wanamaji wake hawakukaa bure. Waliitoa mizinga yake kumi ya sentimeta 10.5 melini, ikavutwa nchi kavu, na wao wenyewe wakapangwa kuwa askari wa miguu. Kikosi chao hakikupewa namba kama kombania nyingine, bali kilichukua jina la meli yao. Kwa upande wa Waingereza, askari wa meli waliteremka Bagamoyo mwezi wa Agosti 1916 na kuutwaa mji.

Huku kwetu vita vilifika mapema. Mwezi wa Septemba 1914 kikosi cha Wadachi kilivuka mpaka na kuingia Kisii. Tarehe 12 KAR wakapigana nao huko, na Wadachi wakarudi. Mwezi wa Novemba meli ya Waingereza iitwayo Sybil ilipanda mwamba karibu na Majita. Januari 1915 Waingereza wakaitwaa Shirati, na Julai 1916 wakaingia Mwanza. Wenyeji wa Kisii, ambao hawakuwa katika daftari ya kombania yoyote, waliingia madukani na nyumbani mwa Wazungu waliokimbia. Serikali ikawaadhibu vikali, ikachoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Namba ya kombania si pambo la begani. Kwa namba hiyo askari alilipwa mshahara, na kwa namba hiyo alitafutwa alipopotea. Lakini wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na homa, wengi hawakupewa kaburi lenye jina. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Waingereza na washirika wao ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao mahali pa ukumbusho, na kwamba huenda hesabu hiyo ikafika 350,000.

Katika vita vya 1939–1945 namba zilirudi kwa namna mpya. Batalioni 26 na 36 za KAR zilikuwa za Tanganyika, 34 na 44 za Uganda. Tarakimu ya mwisho yaonyesha ukoo. Hao walifika Burma mwaka 1944. Baada ya Uhuru wa 1961 ukoo wa sita ukaitwa Tanganyika Rifles. Ukavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na mwaka ule ule likaundwa Jeshi la Wananchi.

Basi, ninyi wanafunzi wa Matongo na vijiji vya jirani, mkipata nyumbani nishani ya zamani, itazameni ukingoni. Nishani nyingi za Waingereza zimechorwa namba, jina na kikosi cha mwenyewe. Kiandikeni kila kitu katika daftari, pamoja na maneno ya wazee wenu. Na ikiwa babu yenu alibeba mzigo badala ya bunduki, liandikeni jina lake kwanza, maana yeye hakuandikiwa na mtu.