Kutoamini na Imani katika Ukristo wa Kitui na Makueni

Kutoamini, kwa mafundisho ya Kikristo, ni hali ya mtu kulikataa neno la Mungu, kulitilia shaka kwa makusudi, au kuacha kulitegemea baada ya kulipokea. Imani ni kumkiri Mungu kuwa wa kweli, kuyapokea aliyoyafunua katika Yesu Kristo, na kumkabidhi yeye maisha yote. Makala hii inaeleza mambo hayo mawili kama yalivyofundishwa na kanisa, na kama yalivyoonekana katika kaunti za Kitui na Makueni, kusini-mashariki mwa Kenya, ambazo wakazi wake wengi ni Wakamba.

Kwa sensa ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Wengi wao ni Wakristo wa makanisa ya Africa Inland, Katoliki, Anglikana, African Brotherhood na ya Kipentekoste. Ni nchi kame yenye misimu miwili ya mvua, ule wa Oktoba hadi Desemba na ule wa Machi hadi Mei, na mvua za misimu yote miwili hukosekana mara kwa mara. Katika nchi ya namna hii ni wachache waliowahi kuuliza kama Mungu yupo. Swali zito limekuwa ni nani wa kutegemewa mvua ikikataa, mtoto akiugua au mauti yakibisha hodi.

Maana na aina za kutoamini

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliwatenga watu wa aina mbili. Wapo wasioamini kwa sababu hawajapata kuisikia Injili, na kwao kutoamini hakuhesabiwi kuwa dhambi. Wapo walioisikia wakaipinga au wakaidharau, na hao ndio wenye dhambi ya kutoamini hasa. Martin Luther, katika karne ya 16, aliona kutoamini kuwa mzizi wa dhambi zote: mtu huiba, huua na kusema uongo kwa kuwa kwanza ameacha kumtumainia Mungu. Yohana Calvin wa Geneva alikiri kwamba hata muumini wa kweli hupambana na mashaka moyoni mwake, na kwamba hapaswi kudhani kuwa mapambano hayo ni dalili ya kutupwa na Mungu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 imepanga mambo haya hatua kwa hatua. Ipo shaka isiyo ya hiari, yaani kusita mbele ya fumbo la imani au kutishwa na ugumu wake. Na ipo shaka ya hiari, mtu anapokataa kwa makusudi kuushika ukweli uliofunuliwa. Baada ya hiyo huja kutosadiki, yaani kuupuuza ukweli huo au kuukataa waziwazi. Uzushi ni kuikana sehemu ya imani kwa ukaidi baada ya ubatizo. Uasi ni kuiacha imani ya Kikristo yote. Mpangilio huu una faida kubwa kwa wachungaji, kwa kuwa mtu anayesitasita kwa uchungu wa msiba hapaswi kutendewa sawa na aliyeamua kuukataa ukweli anaoujua.

Kutoamini katika Biblia

Mfano mkuu wa Agano la Kale umo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 13 na 14. Wapelelezi kumi kati ya kumi na wawili walirudi kutoka Kanaani wakawavunja watu moyo, na taifa likakataa kuingia katika nchi iliyoahidiwa. Watu hao walikuwa wameivuka Bahari ya Shamu na kula mana. Hawakumkana Mungu, walikataa kumtegemea katika hatua iliyofuata, na kwa sababu hiyo walitangatanga jangwani miaka arobaini. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania alilitumia tukio hilo kuwaonya Wakristo kwamba moyo usioamini unaweza kukaa ndani ya kusanyiko la waumini wenyewe.

Injili zinaendeleza somo hilo. Marko anasimulia kwamba kule Nazareti, kijiji alimokulia, Yesu aliponya wagonjwa wachache tu na kustaajabia kutoamini kwa watu wake. Katika sura ya tisa ya Injili hiyo, baba wa kijana mwenye pepo anakiri kwamba anaamini, na papo hapo anaomba asaidiwe kutoamini kwake. Yesu hamfukuzi, anamponya mwanawe. Tomaso, mwanafunzi wa Yesu aliyetaka kuona kwanza ndipo aamini kwamba amefufuka, alitokewa naye akaamini. Naye Yakobo, katika waraka wake, anawakumbusha wasomaji kwamba hata mashetani wanaamini kuwa Mungu ni mmoja. Basi kujua tu kwamba Mungu yupo hakutoshi kuitwa imani.

Ukambani kabla ya Injili

Wakamba walimjua Mungu mmoja, Muumba wa vyote, waliyemwita Mulungu, Ngai au Mumbi. Sadaka za kuomba mvua na kuondoa maradhi zilitolewa katika ithembo, mahali patakatifu penye miti mikubwa ambayo haikukatwa ovyo. Karibu na watu walikuwapo aimu, roho za waliofariki, waliokumbukwa kwa kumwagiwa pombe na kuwekewa chakula. Mundu mue aliagua, akatibu na kutafuta chanzo cha balaa. Dhana ya mtu asiye na dini yoyote haikuwa na nafasi katika maisha hayo, kwa sababu dini ilikuwa imefungamana na kilimo, ndoa, mazishi na hukumu.

Hali hii iliwapa wamishenari kazi ambayo wengi wao hawakuitarajia. Hawakukuta watu wasiomjua Mungu. Walikuta watu wenye imani yao, na ilibidi waeleze ni kwa nini Mungu yule yule aliyeombwa penye ithembo sasa aaminiwe kupitia Yesu Kristo. Walioliona jambo hili walisikilizwa. Walioita kila desturi ushetani waliacha jeraha ambalo kanisa limechukua miaka mingi kulitibu.

Kufika kwa Injili

Mjumbe wa kwanza wa Injili alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society. Aliingia Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1849 alisafiri hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, na kutoka huko tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya. Mwaka 1851 alirudi akiwa na nia ya kufungua kituo cha misheni Yatta. Katika safari ya kuelekea Mto Tana msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akanusurika akiwa na njaa na kiu. Kituo hakikusimama. Hata hivyo, tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilikuwa imekwisha kuchapishwa Tübingen mwaka 1850.

Walutheri wa Ujerumani, ambao baadaye waliunganishwa na Misheni ya Leipzig, walifungua vituo upande wa Kitui, Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Mulango mwaka 1899. Kwa miaka mingi waliobatizwa walikuwa wachache mno. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Wajerumani waliondolewa, na kazi yao ikachukuliwa na Africa Inland Mission.

Misheni hiyo ilikuwa imeanza upande wa Makueni. Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow aliyehamia Marekani, alikuwa tayari amemzika ndugu yake John huko Kongo. Mnamo Oktoba 1895 aliwasili Mombasa na wenzake, na kabla ya mwaka kwisha walipiga kambi Nzaui. Alifungua vituo vingine kwa haraka, akafariki Desemba 1896 akiwa na umri wa miaka 29. Miaka michache baadaye wengi wa wenzake walikuwa wamekufa au wamerudi kwao, na njaa kuu ya 1898 na 1899 ikaifagia Ukambani. Kwa hesabu ya kibinadamu kazi ilikuwa imekufa. Leo Kanisa la Africa Inland lililochipuka hapo ni miongoni mwa makanisa makubwa ya Kenya. Agano Jipya lote kwa Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956.

Wakamba wenyewe hawakubaki wapokeaji tu. Mwaka 1945 Simeon Mulandi na wenzake walianzisha African Brotherhood Church, kanisa lililoongozwa na Waafrika tangu siku yake ya kwanza. Upande wa Katoliki, Kitui ilifanywa jimbo mwaka 1963 chini ya Askofu William Dunne, na Jimbo la Wote lilimegwa kutoka Machakos mwaka 2023. Dayosisi ya Kianglikana ya Kitui ilianza mwaka 1995, na askofu wake wa kwanza, Benjamin Nzimbi, alichaguliwa Askofu Mkuu wa Kenya mwaka 2002.

Mchango wa John Mbiti

Mwanateolojia mashuhuri kutoka Kitui ni John Samuel Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931 na kufariki Uswisi mwaka 2019. Alisoma Makerere, Marekani na Cambridge, akawa kasisi wa Kianglikana, na akafundisha Makerere kwa miaka kumi. Katika vitabu vyake vya mwaka 1969 na 1970 alikusanya mawazo kuhusu Mungu kutoka jamii karibu 300 za Afrika. Akashikilia kwamba Mungu aliyehubiriwa na wamishenari ndiye aliyekuwa akiwaongoza Waafrika tangu kale, na kwamba kipya walichokileta ni jina la Yesu Kristo.

Kitabu chake cha mwaka 1971 kilichunguza mafundisho ya siku za mwisho kati ya Wakamba. Alionyesha kwamba mafundisho kuhusu mbingu, moto na taji yalipokewa kama habari za vitu vya kushikwa kwa mkono, kwa kuwa hayakutafsiriwa katika fikra za wasikilizaji. Somo lake kwa jambo tunaloliangalia ni hili: wakati mwingine kinachoitwa kutoamini ni kutofundishwa vyema. Katika uzee wake Mbiti alilitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki, na kazi hiyo ilikuwa jibu lake kwa tatizo hilo.

Sura za kutoamini leo

Sura ya kwanza ni maisha ya pande mbili. Mtu hukaa kanisani Jumapili, lakini ugonjwa usioeleweka ukiingia nyumbani humwendea mundu mue usiku. Nidhamu kali ya misheni, iliyokataza ngoma, pombe na mitala, iliwafundisha wengi kuficha kuliko kutubu. Dawa yake ni mafundisho yanayoigusa hofu yenyewe: uchawi, laana na kifo cha ghafla.

Sura ya pili ni uvuguvugu wa waliozaliwa kanisani. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya mwaka 1937, uliwalenga hao hasa. Ulidai toba ya wazi na kutembea nuruni, ukisema kwamba cheti cha ubatizo hakimwokoi mtu.

Sura ya tatu ni ukanamungu. Katika sensa ya 2019 zaidi ya Wakenya 750,000, takriban asilimia 1.6, walihesabiwa kuwa hawana dini, na chama cha wakanamungu wa Kenya kilisajiliwa mwaka 2016. Katiba ya 2010, ibara ya 32, inamlinda kila mtu katika kuamini na kutoamini, na Mkristo hana sababu ya kuuogopa ulinzi huo, kwa kuwa imani ya kulazimishwa si imani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulikwenda mbele zaidi ukakiri kwamba waumini wenyewe huchangia ukanamungu wanapofundisha vibaya au kuishi kinyume cha wanachokiri. Sadaka zinazokamuliwa kutoka kwa maskini kwa ahadi ya miujiza ni mfano ulio mbele ya macho yetu.

Sura ya nne hujivika joho la imani. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Waendesha mashtaka wanadai kwamba waumini walishawishiwa kufunga hadi kufa. Imani inayomtii binadamu asiyehojiwa imeacha kumtegemea Mungu, hata ikiomba usiku kucha.

Umuhimu wa imani

Makanisa yote yaliyotajwa hapa yanafundisha kwamba imani ndiyo mlango wa wokovu na kwamba ni zawadi ya Mungu. Yanatofautiana katika kueleza jinsi inavyoungana na matendo, lakini hakuna linaloiheshimu imani isiyozaa kitu.

Matunda yake yanaonekana ardhini. Katika Kitui, mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa tangu miaka ya 1990 na vikundi vya wanakijiji wakisaidiwa na shirika la SASOL: ukuta huwekwa kukingama mto wa msimu, mchanga hujikusanya nyuma yake na kuhifadhi maji hadi kiangazi. Nao waumini walioomba mvua Jumapili hubeba mawe Jumatatu. Katika kaunti hiyo hiyo kuna Kijiji cha Nyumbani, kilichoanzishwa mwaka 2006 na shirika la Padre Mjesuiti Angelo D'Agostino, ambako yatima walioachwa na ukimwi hulelewa na bibi na babu waliopoteza watoto wao wenyewe. Kazi kama hizo hujibu shaka kwa nguvu ambayo mabishano hayana.

Imani pia humpa mtu uthabiti mbele ya mambo asiyoweza kuyabadili. Haizuii ukame, wala haiahidi kwamba kila mgonjwa atapona. Inamwezesha kupanda tena baada ya msimu uliokufa, kuzika bila kukata tamaa, na kumsaidia jirani huku ghala lake mwenyewe likiwa tupu.

Kwa hiyo mwenye mashaka asifukuzwe kanisani wala asitishwe. Aelekezwe, afundishwe na aombewe, kama yule baba wa Injili ya Marko aliyepewa alichoomba kabla mashaka yake hayajaisha. Na anayejihesabu kuwa muumini ajipime kwa kile anachokitegemea siku ya shida, kwa maana hapo ndipo imani na kutoamini hutengana.