Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri

Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri ni mpango wa mwaka unaoonyesha jinsi halmashauri ya wilaya, mji au jiji nchini Tanzania itakavyotoa huduma za afya na kujiandaa kwa dharura. Huandaliwa na timu inayoongozwa na Mganga Mkuu wa halmashauri hiyo, kwa kukusanya mahitaji ya zahanati, vituo vya afya na hospitali, na huanza kutekelezwa Julai mosi.

Upande wa dharura huenda sambamba na kamati za maafa, zinazoshuka hadi kijijini chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022.

Thamani ya maandalizi haya ilionekana Bukoba, mkoani Kagera, mwaka 2023. Mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg ulitangazwa Machi 21. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki. Waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21, wakipimwa joto la mwili. Kazi hiyo huhitaji mhudumu anayeijua kila nyumba, na ndiyo maana bajeti yake haifai kuachwa ya mwisho. Mlipuko ulitangazwa kumalizika Juni 2.