Barua Ilisema Hapana, Mlangoni Wakaambiwa Karibu

Vuta picha ni Marekani, mwaka 1930. Sheria ya 1882 ya kuzuia vibarua wa Kichina kuingia nchini bado inafanya kazi. Mtoto anakua akisikia Wachina wanasemwa vibaya nyumbani, akisoma gazeti anakuta yale yale. Mwisho anamchukia mtu ambaye hajawahi hata kukaa naye meza moja.

Sasa mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, Richard LaPiere, akaanza kuzunguka nchi kwa gari na mwanafunzi wa Kichina na mkewe. Miaka miwili, maili kama 10,000. Mara nyingi aliwaacha wao watangulie kuomba chumba au meza. Kimya kimya alikuwa anahesabu, wenyewe hawajui.

Walipita nyumba za wageni na migahawa 251. Walikataliwa mara ngapi? Moja tu! Na huyo mwenye kambi ya wasafiri alisema yeye hapokei Wajapani. Kumbe hata hakujua anamkataa nani.

Miezi sita baada ya kila ziara, LaPiere akaandikia sehemu zile zile: je, mnapokea wageni wa Kichina? Yakarudi majibu 128. Zaidi ya 9 kati ya kila 10 walisema hapana.

Inakuwaje? Kuna waliosema labda aliyejibu barua siye aliyewapokea wageni, na hoja hiyo ina uzito. Ila angalia pia swali lenyewe. Barua iliuliza kuhusu "Wachina", neno tupu, likaamsha maneno yote ya utotoni. Mlangoni walisimama watu wawili wasafi, wanatabasamu, Kiingereza kimenyooka, hela ipo. Kumfukuza mtu unayetazamana naye ni kazi. Karatasi haina macho.

Lakini usifurahi mapema ukasema chuki ya maneno haina madhara. Ile "hapana" ilikuwa inafanya kazi kule ambako hakuna anayemwona mwenzake, kwenye kura na kwenye sheria. Sheria ile ilifutwa 1943.

LaPiere alichapisha makala yake 1934, majina ya wale wawili hakuyaweka. Walizunguka nchi nzima wakiambiwa karibu, huku vibarua wa kwao wakirudishwa bandarini na watu ambao hawakuwahi kuwaona.