Asili ya Neno «Berserk»

Waingereza wakimwona mtu ameshikwa na hasira hata hajitawali tena, husema amekuwa «berserk». Neno hili limetoka kwa watu wa kale wa Norwei na Islandi. Maana yake, kama wasemavyo wengi, ni «shati la dubu», yaani ngozi ya mnyama yule mkali wa nchi za baridi. Ndivyo walivyoitwa askari fulani. Snorri Sturluson, mwandishi wa miaka ya 1200, asimulia kwamba walipigana bila mavazi ya chuma, wakiuma ngao zao kama wenye wazimu. Karibu na mwaka 1822 Walter Scott alilitia neno hilo katika vitabu vya Kiingereza.

Waislandi walipokea dini ya Kristu karibu na mwaka 1000. Baadaye, kati ya 1122 na 1133, maaskofu wao wawili walitengeneza sheria ya Kanisa. Aliyejitia katika wazimu huo alifukuzwa nchini miaka mitatu. Na waliokuwapo pia, wasipomzuia.

Basi sisi Wakristu, hasira ni hasara. Ndugu akiwaka, tusisimame kutazama, tumshike mkono.