Namba ya Padri Mersenne

Wengine huwaza kwamba hesabu ni kazi ya soko na ya ofisi tu, wala haiwahusu watu wa Kanisa. Lakini Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, aliisifu namba 6 kuwa kamilifu. Sababu ni hii: 6 yagawanyika kwa 1, kwa 2 na kwa 3, na hizo tukizijumlisha twapata 6 tena. Inayofuata ni 28.

Euklide Mgiriki alikwisha kuonyesha njia ya kuzipata. Tuzidishe 2 tatu pamoja: twapata 8. Tuondoe 1: yabaki 7, namba tasa, maana yake haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Basi 7 mara 4, nusu ya ile 8, ni 28. Kazi yote, basi, ni kujua kama namba inayobaki ni tasa.

Padri Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Waminimi huko Paris, aliandikiana barua na wenye elimu wengi wa Ulaya. Mwaka 1644 alitangaza kwamba, kutoka 2 mpaka 257, namba inayobaki ni tasa tu ikiwa zile 2 ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 au 257. Hakuonyesha hoja zake. Hata hivyo neno lake juu ya 67 lilidumu miaka zaidi ya 200.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas aliijaribu kwa njia mpya, pasipo kutafuta vigawanyo. Ile ya 127 aliiona kuwa tasa, kama Padri alivyosema. Lakini ile ya 67, yaani 147 573 952 589 676 412 927, si tasa. Ila vigawanyo vyake Lucas hakuweza kuvitaja. Mwaka 1883 padri mwingine, Ivan Pervushin, Mwortodoksi wa Urusi, alihakikisha kwamba ile ya 61, aliyoiacha Mersenne, ni tasa.

Mwisho, Oktoba 1903, huko New York, Frank Nelson Cole aliwaonyesha wenzake hesabu hii: 193 707 721 mara 761 838 257 287. Kuvitafuta vigawanyo hivyo kulikuwa kazi kubwa mno. Kuvihakikisha ni kazi ya karatasi moja na saburi kidogo.

Je, tumdharau Padri Mersenne? Hasha! Orodha yake ndiyo iliyowaamsha wengine, na hata leo namba hizo zaitwa kwa jina lake. Lakini tukumbuke fundisho la Mtakatifu Tomaso wa Akwino: katika elimu ya akili ya binadamu, hoja inayotegemea jina la mkubwa ni dhaifu kuliko zote. Sisi tunaonakili maneno ya walimu katika madaftari yetu, tuwaheshimu kweli. Kisha tuchukue kalamu, tuzidishe wenyewe. Ukweli watoka kwa Mungu, wala hauogopi kupimwa.