Kutoka Baraza hadi Gazeti: Historia ya Kujibizana juu ya Habari za Dunia katika Kiswahili

Utangulizi

Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, baraza, kwa maana yake ya asili, ni kikalio cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, nje ya mlango, ambapo mwenye nyumba huwapokea majirani na wageni bila ya kulazimika kuwaingiza ndani. Kutokana na kikalio hicho neno lilipanuka. Likawa kikao cha watu, kisha mkutano wa mtawala na raia wake, na hatimaye chombo rasmi cha kuamua mambo. Leo Kiswahili kina Baraza la Mawaziri na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Msemaji wa Kiswahili anapoarifiwa kwamba wajumbe wa mataifa wamekutana New York kuzungumzia vita, lugha yake humweleza kwamba wamekaa barazani.

Uhusiano huu si suala la msamiati peke yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mjadala wa habari za dunia katika Kiswahili haukuletwa na gazeti. Gazeti lilikuta desturi ya kujibizana iliyokwisha kukomaa, likaipa karatasi na wino. Desturi hiyo iliwabana wazungumzaji kwa masharti matatu: msemaji ajulikane, jibu lifuate hoja, na pawe na muda baina ya hoja na jibu. Masharti hayo ndiyo yaliyouwezesha ubishi kuwa mjadala. Hata hivyo, masharti hayo hayo yaliwaacha nje watu wengi, na historia ya kujibizana haiwezi kuelezwa kwa haki pasipo kuwataja.

Kibarazani na katika ushairi

Habari za dunia ziliwafikia watu wa mwambao kwa vyombo vya baharini. Jahazi lililotoka Maskati, Surat au Bukini lilileta bidhaa pamoja na khabari: nani amekufa, nani ametawala, bei gani imepanda. Khabari hizo zilipimwa kibarazani. Aliyezileta alifahamika kwa jina na kwa ukoo, na aliyezipinga alikaa mbele yake. Uongo ulikuwa na gharama kwa sababu mwongo angerudi kesho kukaa pale pale, mbele ya watu wale wale.

Jambo lilipokuwa zito, mazungumzo yaliingia katika ushairi. Mfano maarufu ni wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Wakati huo Mombasa chini ya Wamazrui ilikuwa ikivutana na Lamu na kisha na Mabusaidi wa Oman, na vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19 viliutia mvutano huo makali. Muyaka aliitetea Mombasa kwa mashairi, na washairi wa Lamu, akiwemo Zahidi Mngumi, walikuwa upande wa pili. Hayo yalikuwa maoni juu ya siasa za kimataifa za zama zile, yaliyosemwa na watu ambao maisha yao yalitegemea matokeo yake.

Umbo la malumbano hayo lina umuhimu wa pekee kwa mwanaisimu. Kwa mujibu wa desturi, anayejibu shairi aghalabu hushika bahari ile ile na vina vile vile vya shairi analolijibu, na mara nyingi hulichukua neno la kituo cha mwenzake na kuligeuza. Sharti hili huonekana kama pambo tu, lakini linafanya kazi kubwa zaidi. Mtu hawezi kulijibu shairi kwa vina vyake kabla ya kulisikiliza hadi mwisho na kulihifadhi kichwani. Arudhi ilimlazimisha mpinzani asikilize.

Ushairi ulikuwa pia njia ya kuandika habari zenyewe. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wajerumani kuitwaa Mrima, vita vilivyopiganwa kuanzia 1888. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Shaaban Robert naye alitunga utenzi mrefu mno juu ya Vita Kuu ya Pili, uliochapishwa mwaka 1967 kwa jina la Utenzi wa Vita vya Uhuru. Vita vilivyopiganwa Ulaya na Asia vilisimuliwa kwa umbo ambalo awali lilisimulia vita vya Mtume. Hii ni ithibati kwamba dunia ya mbali haikuhesabiwa kuwa nje ya uwezo wa lugha.

Ukurasa wa wasomaji

Gazeti la kwanza la Kiswahili, Msimulizi, lilitolewa na wamisionari wa Kiangalikana huko Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Baadaye yakafuata mengine ya misheni na ya serikali, likiwemo Kiongozi lililochapishwa Tanga wakati wa Wajerumani. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililosomwa kwa miongo mitatu na zaidi. Lilikuwa gazeti la serikali, na mkosoaji wa serikali hakupewa nafasi kubwa ndani yake. Pamoja na hayo, wasomaji waliligeuza kuwa baraza lao. Walimu, makarani na wafanyabiashara wadogo waliandika kutoka mijini na vijijini. Walijadili ustaarabu ni nini, mavazi ya kigeni yanafaa au hayafai, na Kiswahili kipi ni sanifu. Walitegeana mafumbo kwa mashairi na kusubiri toleo lijalo kuyaona majibu.

Kusubiri huko kulikuwa na athari yake. Barua iliyopelekwa Dar es Salaam ilichapishwa baada ya majuma kadhaa, na jibu lake lilichukua muda kama huo au zaidi. Katika kipindi hicho hasira ilipoa na hoja ilibaki. Aidha, gazeti moja lilisomwa na watu wengi, kwa kuwa mwenye kujua kusoma aliwasomea wasiojua. Hivyo barua ilirudi kibarazani kabla ya kujibiwa, na jibu lililotumwa kwa jina la mtu mmoja mara nyingi lilikuwa limekwisha kupimwa na wengi.

Nje ya magazeti ya serikali mjadala ulikuwa na makali zaidi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, akiandika kwa Kiarabu na Kiswahili. Aliathiriwa na fikra za mageuzi zilizoenezwa na jarida la Al-Manar la Cairo, na akawataka Waislamu wa mwambao wajilinganishe na wenzao wa nchi nyingine. Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alianzisha Kwetu mjini Dar es Salaam mwaka 1937. Humo malalamiko ya Waafrika juu ya biashara na mishahara yalipata mahali pa kusemwa. Mwaka 1939 likatoka gazeti la Kiswahili mjini Nairobi, nalo likaitwa Baraza. Kwa jina hilo msomaji alikwisha kuelezwa kwamba alikaribishwa kukaa na kusema.

Vita na maana mpya za maneno

Vita Kuu ya Pili viliwapeleka maelfu ya askari wa Afrika Mashariki Ethiopia, Madagascar na Burma. Jeshi liliwatolea magazeti ya Kiswahili, yakiwemo Askari na Heshima, kwa nia ya kuwatia moyo. Lakini propaganda ina udhaifu mmoja: husema maneno ambayo msikilizaji anaweza kuyageuza. Askari aliyeambiwa kwamba anapigania uhuru wa mataifa alikuwa na haki ya kuuliza habari ya uhuru wa taifa lake.

Historia ya neno uhuru inalidhihirisha jambo hili. Kwa muda mrefu huru lilikuwa ni hali ya mtu binafsi, kinyume cha mtumwa. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo wasomaji wa mwanzo wa Mambo Leo waliishi miongoni mwa watu waliokumbuka tofauti hiyo katika miili yao. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 na kudai uhuru wa nchi, haikuhitaji kulieleza neno hilo sana. Nchi nzima ilisemwa kama mtu anayetaka kutoka utumwani.

Maneno mengine ya mjadala wa kimataifa yalijengwa kwa namna kama hiyo. Beberu, mbuzi dume, likawa jina la taifa linaloyatawala mataifa mengine kwa nguvu, na hali yake ikaitwa ubeberu. Bepari, neno la asili ya Kihindi lililomaanisha mfanyabiashara, lilizaa ubepari. Kupe na mrija yakawa maneno ya siasa ya Ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Faida ya istilahi hizo ni kwamba mkulima aliyefuga mbuzi alizifahamu bila ya kamusi. Hasara yake ni kwamba zilikuja na hukumu ndani yake. Ni vigumu kumjadili mtu kwa utulivu ukiwa umekwisha kumwita kupe.

Waliobaki nje na waliolipa

Methali husema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Hekima iliyomo ni kubwa, lakini methali hiyo hiyo ilimnyamazisha kijana, na baraza la nje ya mlango lilikuwa zaidi mahali pa wanaume. Wanawake walikuwa na vikao vyao, na walikuwa na nyimbo. Siti binti Saad wa Unguja, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba juu ya kesi, dhuluma na vituko vya mjini. Yaliyoamuliwa mahakamani yaliamuliwa upya katika taarabu, na hukumu hiyo ya pili ilikumbukwa zaidi.

Baada ya uhuru sauti hizo ziliingia magazetini pia. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, iliyokataza sketi fupi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua, magazeti ya Dar es Salaam yalifurika barua. Waliounga mkono walitetea heshima ya utamaduni wa Mwafrika. Waliopinga, wakiwemo wanawake, waliuliza kama suti na suruali za wakubwa nazo zilikuwa vazi la mababu. Swali lile lilihusu vazi na uhusiano wa Afrika na dunia kwa wakati mmoja.

Wapo waliolipa zaidi ya jasho la kalamu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika kijitabu Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akaihoji serikali ya nchi yake. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na diwani aliyoitunga gerezani, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa 1973. Kesi hiyo inaonyesha upande wa pili wa sharti la kujulikana. Jina likimbana mwongo aseme kweli, humweka pia msema kweli mikononi mwa mwenye nguvu. Ndiyo maana lakabu, mafumbo na tashbihi zimedumu katika mjadala wa Kiswahili. Haitoshi kumlaumu mtu kwa kujificha, bali inapasa kuuliza kwanza anamkimbia nani.

Hitimisho

Katika masharti matatu yaliyotajwa mwanzoni, muda ndio uliopungua kuliko mengine. Leo habari ya vita vya mbali humfikia mvuvi wa Pemba na mwanafunzi wa Dodoma kwa simu, na jibu huondoka kabla habari haijasomwa hadi mwisho. Milango imefunguka kwa vijana na wanawake ambao baraza la zamani halikuwapa nafasi, na faida hiyo haifai kubezwa. Ila hakuna vina vinavyomlazimisha mtu asikilize kwanza. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi ulimi na dole vimekuwa kitu kimoja.

Kamusi za mwanzo za Kiswahili zinaliandika neno siasa kwa maana ya uendeshaji wa mambo ya nchi, na pia kwa maana ya upole, uangalifu na utaratibu. Kufanya jambo kwa siasa kulikuwa ni kulifanya bila ya pupa. Maana hiyo ya pili imefifia katika matumizi ya kila siku, nayo ndiyo iliyombana mshairi wa Lamu na mwandishi wa barua wa Mambo Leo. Sheria za magazeti na za mitandao haziwezi kuirudisha, kwa kuwa sheria hunyamazisha tu, haifundishi kujibu. Inaweza kurudishwa na wasemaji wenyewe, na na wale wanaowafundisha watoto kwamba hoja ya mwenzako husikilizwa hadi kituo chake cha mwisho ndipo ijibiwe.