Afya ya ngozi ya watoto (Kitui na Makueni)

Upele, mapunye, mashilingi, majipu na funza ndiyo maradhi ya ngozi yanayowasumbua sana watoto wa Kitui na Makueni, kaunti mbili kame za Ukambani, Kenya. Mahali mtoto anapoishi huchangia sana kuamua kama atayapata, na kubwa zaidi ni kiasi cha maji kinachofika kwao.

Mvua huja mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Katikati mito mingi hukauka. Watu huchota kwenye mashimo ya mchangani au hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Kiasi cha msingi tu kwa mtu mmoja kwa siku ni kama mtungi huo mmoja. Familia ya watu sita ingehitaji mitungi sita, na punda kwa kawaida hubeba minne. Maji hayo hupikiwa, hunyweshwa mbuzi, kisha mtoto hunawa uso na miguu. Blanketi husubiri mvua. Mwaka 1972, katika kitabu Drawers of Water kilichotokana na utafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania, Gilbert White, David Bradley na Anne White walieleza kundi la magonjwa yanayotokana na uhaba wa maji ya kuogea na kufulia, hata kama maji yenyewe ni safi. Ya ngozi yamo. Kumwita mtoto mwenye upele mchafu ni kumwonea.

Upele huletwa na kijidudu kinachochimba ngozi, hasa katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono, na huwasha zaidi usiku. Anayeupata mara ya kwanza huanza kujikuna baada ya wiki nne hadi sita. Wakati huo ameshawaambukiza wanaolala naye kitanda kimoja. Ndiyo maana kumpaka dawa mtoto mmoja ni kazi bure: nyumba nzima itibiwe siku moja na matandiko yafuliwe. Vidonda vya kujikuna vikiingiwa na bakteria huweza kudhuru hata figo.

Funza alifika Angola kwa meli kutoka Amerika mwaka 1872, akavuka bara. Hukulia kwenye vumbi la sakafu ya udongo, na mbwa na mbuzi humbeba. Kumtoa kwa pini inayopita mguu hadi mguu hueneza maambukizi. Mafuta ya dimetikoni humuua akiwa ndani ya ngozi. Sakafu ya saruji humnyima pa kuzalia.

Kwa upande wa maji, mabwawa ya mchanga yamesaidia. Ukuta hukatiza mto wa msimu, mafuriko huujaza mchanga nyuma yake, na maji hubaki humo, jua lisiyafikie. SASOL, shirika la Kitui, limejenga mamia pamoja na wanavijiji tangu miaka ya 1990. Palipo na bwawa karibu, punda huenda safari ya pili siku hiyo hiyo, na nguo hufuliwa kiangazi.